Matunzo ya Mke Mwenzangu

Wanaosema wivu ni ugonjwa wa wasichana waje hapa Msamala waniulize mimi. Mimi Notburga, mama Thadei, nina mjukuu Mbinga, magoti yananiuma mvua ikikaribia, na bado nina wivu wa kugawia mtaa mzima na mwingine ukabaki. Sioni haya kusema. Nina mke mwenza. Mume wangu Pankrasi alifunga ndoa na mimi kanisani, mbele ya padri na wajomba zangu wote, lakini yule mwingine alianza naye kabla yangu, na tangu niingie nyumba hii tunagawana mwanamume, mshahara wake na nguvu za mikono yake. Jina lake Matogoro.

Ndiyo, mlima. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Pankrasi alizaliwa chini ya mlima huo, upande wa mashamba. Baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki humo msituni, akamfundisha mwanawe njia zote, chemchemi zote, na miti yote kwa majina ya Kingoni. Alipopata kazi ya ulinzi katika ofisi ya misitu, watu wakasema kijana kapata kazi. Kazi gani! Serikali ilimlipa aende kule ambako angekwenda hata bure. Wakati wa uchumba alinichukua siku moja akanipandisha hadi mahali maji yanapotoka, pale mto Ruvuma ukiwa bado kitoto, unauruka bila kukunja kanga. Mimi nikadhani ananionyesha mahali pazuri kwa sababu ananipenda. Kumbe alikuwa ananipeleka kumsalimia mke mkubwa.

Mume wangu si mlevi. Si mtu wa wanawake, hajawahi kuninyanyulia mkono, na sauti yake hata kuku hawaiogopi. Hilo ndilo tatizo langu, sina pa kumshitakia. Nenda kwa wakwe useme, "Mume wangu ananitesa, anapenda mlima," uone kama hawatakupa maji ya kunywa na kukuambia upumzike kivulini. Wenzangu waume zao wakichelewa kurudi, wananusa mashati yao wanatafuta marashi. Mimi lile shati la kijani nikilinusa nakuta moshi, jasho na majani. Nalifua nikiwa nimenuna, nalianika nikiwa nimenuna, kesho analivaa anapanda baiskeli anamrudia.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa njia ya moto. Niwaeleze. Mvua zikikoma, kabla nyasi hazijakauka kabisa, ni lazima ukanda mpana ufyekwe kandokando ya msitu na upaliliwe mpaka udongo uonekane, ili moto ukitoka mashambani ufike pale ukose cha kula. Na moto utatoka tu. Watu wetu wanachoma mashamba kabla ya kulima, na wengine wanachoma vichaka kusaka panya wa porini, na panya wa porini, tusidanganyane, ni mtamu. Njia hiyo mtu mmoja haimalizi. Inataka vibarua, na kibarua anataka hela yake jioni ile ile.

Hela ya vibarua inatakiwa itoke kwenye bajeti ya serikali. Hapo ndipo nilipojifunza neno lililonizeesha kabla ya siku zangu: kifungu. "Mama Thadei, kifungu kipo, ila fedha hazijashuka." "Mama Thadei, kifungu kimepunguzwa." Fedha za serikali hazitumwi wala hazifiki, zinashuka, na sisi huku chini tunakaa tumekinga mabakuli. Mwaka wao wa fedha unaisha Juni. Njia ya moto inatakiwa Mei. Na fedha hizo, mwaka zikiamua kuja, zinapenda kuja Juni mwishoni kabisa, na zisipotumika kabla mwezi haujaisha zinarudi zilikotoka. Sasa Mei Pankrasi anafanya nini? Anaingiza mkono mfukoni mwake. Yaani mwangu.

Mbuzi wangu alikwenda hivyo. Gunia la mahindi tuliloweka la kula wakati wa masika lilikwenda hivyo. Pikipiki ya ofisi imelazwa juu ya tofali haina mafuta, basi matairi ya baiskeli anayokwenda nayo doria nayanunua mimi. Nikimuuliza, ananijibu kwa upole ule wake unaonipandisha mori: "Moto hausubiri kifungu, mama Thadei." Mwe! Na mimi je, nasubiri nini?

Na kana kwamba mke mwenza hatoshi, Mungu akaniongezea jirani. Ua kwa ua na sisi anakaa Sabra, mama Saleh, mwenyeji wa Tunduru. Mume wake, Mussa, yuko upande wa wanyamapori, kazi yake tembo. Tembo wakiingia mashamba ya Tunduru wakala mahindi na kuvunja mikorosho ya watu, nchi nzima inasikia. Gari linatoka, mafuta yanapatikana, posho inalipwa, wafadhili wanakuja na kofia zao. Tembo ana kifungu, jamani, na fedha zake zinashuka! Pankrasi na Mussa wote ni watu wa maliasili, wote wanavaa kijani, lakini mmoja anarudi kwenye gari lenye kiyoyozi na mwingine anarudi na mnyororo wa baiskeli mkononi. Nyumba ya Sabra imeezekwa bati za msauzi, zile za gharama, nyekundu, jua likizipiga unafumba macho. Mimi boma langu lilikuwa limeishia kwenye linta, juu kidogo ya madirisha, linanyeshewa kila masika, tofali zinalika pembe kama sabuni, na sisi tumejibana kwenye vyumba viwili vya zamani ambavyo mvua ikinyesha unahamisha kitanda.

Mwezi wa bajeti nilikuwa nakwenda kwa Sabra, nakaa kwenye makochi yake, nasikiliza waziri akisoma bungeni bajeti ya maliasili. Nikawa natega sikio nisikie jina moja tu. Nikasikia tembo, nikasikia simba, nikasikia watalii, viwanja vya ndege, hoteli. Matogoro sikusikia.

"Utasikia mwakani, inshallah," Sabra akaniambia, ananimiminia chai.

Chai yenyewe ilipikwa kwa maji ya bomba, na maji ya bomba yanatoka kwenye milima ile ile. Nikainywa hivyo hivyo.

Pankrasi aliwahi kunieleza kwa nini. Alisema kila ofisi inapewa ukomo, kiasi ambacho haivuki hata ikilia. Ni kama mama anayepakua sufuria moja: wageni kwanza, halafu baba, halafu watoto. "Sasa msitu wa asili," akasema, "usiovunwa mbao na usiokuja watalii, huo ni yule anayekwangua ukoko." Alisema bila uchungu, kama anayeeleza hali ya hewa. Uchungu wote aliniachia mimi.

Basi mwaka ule nikaapa. Nilikuwa nimefuga nguruwe, nikauza, nikanunua bati. Si za msauzi, bati za kawaida nyeupe, lakini mpya, zinalia ukizigusa. Nikazilaza chini ya kitanda nikisubiri hela ya mbao, na kila nikilala najua nimelala juu ya paa langu. Mei ikafika. Pankrasi akaanza kuzunguka chumbani, mara anakaa, mara anasimama, macho chini ya kitanda.

"Mama Thadei," akasema.

"Hapana."

"Sijasema kitu bado."

"Na usiseme. Nenda kamwambie mwenzangu mwaka huu hakuna. Mwambie fedha hazijashuka!"

Hakubishana. Yeye na walinzi wenzake wawili wakafyeka walichoweza kwa mikono yao, kipande tu. Oktoba moto ukatoka kwenye shamba la mtu, ukafika pale njia ilipoishia, ukapita. Majivu yalishuka mpaka Msamala. Hayakubagua, yalitua kwenye bati nyekundu za Sabra na kwenye boma langu lisilo na paa. Pankrasi alirudi siku ya pili nyusi zimeungua, sauti imekauka, akakaa kwenye kigoda anautazama mlima. Upande mmoja wote ulikuwa mweusi.

Niseme ukweli? Nilipoona moshi moyo wangu ulicheka. Nikasema leo tutajua nani mke. Nikampikia kuku, nikamwekea maji ya moto ya kuoga, nikajifunga kanga mpya. Hakuona kuku wala kanga. Alikaa hivyo hadi Krismasi. Ukimsemesha anaitikia, ukimpa chakula anakula, lakini mtu hayupo. Akianza kuongea anaongea habari za kule: hapa palikuwa na mti gani, pale nyuki wa baba walikuwa wanakaa wapi, chemchemi ipi imekauka. Sikuwahi kusikia mwanamume akisifu mwanamke hivyo.

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu. Aliolewa na mgane, mwanamume aliyefiwa na mke. Maisha yake yote kila ugali aliopika ulipimwa kwa ugali wa marehemu, na marehemu hakuwahi kuunguza. Mke mwenza aliye hai unamweza. Utamsema, utamzidi mapishi, ipo siku na yeye atakosea. Aliyekufa hakosei tena. Nikasema, Notburga, ukimwacha huyu akafa, utaishi na maiti nyumbani mpaka unaingia kaburini.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, Mei ilipofika na fedha hazijashuka, sikungoja aanze kuzunguka chumbani. Nilivuta bati mwenyewe kutoka chini ya kitanda. Nilizivuta kwa hasira, zikapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Uza," nikamwambia. "Na usinishukuru. Ukinishukuru nazirudisha."

Mnajua nani alinunua? Sabra. Alikuwa anataka kuezeka jiko la nje na banda la kuku. Bati zangu, jamani, zikapanda juu ya kuku wa Sabra! Kila asubuhi nikifungua mlango zinanimulika machoni. Kuku wake wanalala chini ya paa langu, mimi nahamisha kitanda.

Njia ya moto ikafyekwa yote. Vibarua wakalipwa, Pankrasi akarudi nyumbani anapiga mluzi. Na ile wiki ya mwisho ya Juni, wakati mluzi bado haujakoma, fedha zikashuka.

Nilipiga vigelegele. Nikasema bati zangu zinarudi! Pankrasi akakuna kichwa. Akasema kazi imekwisha kufanyika, vibarua walishalipwa na kutawanyika, hakuna hati zozote za malipo za ofisi, na hela ile ni ya kulipia kazi ambayo haijafanywa, si iliyofanywa. Bosi wake alimwambia kwa kumhurumia: andika majina ya watu, weka sahihi, chukua hela uikomboe familia yako. Pankrasi akakataa. Akasema hawezi kuandika kwamba kibarua amelipwa leo wakati amelipwa mwezi uliopita kwa bati za mkewe. Juni ikaisha, fedha zikapanda zilikotoka.

"Wewe ni mjinga," nikamwambia. Sikutafuta neno zuri zaidi.

"Ni kweli," akasema.

Sasa sikilizeni mahali ambapo mimi mwenyewe niliishiwa maneno, na si kawaida yangu. Mwaka uliofuata, wakati ofisi zinapanga bajeti mpya, Pankrasi alirudi jioni akaegemeza baiskeli, akakaa. Kifungu cha njia ya moto kimefutwa. Si kupunguzwa, kufutwa. Nikauliza kwa nini. Akasema watu wa mipango wameangalia, wameona fedha zilitolewa hazikuguswa hata shilingi, zikarudi zote, na wakaenda kukagua wakakuta njia imefyekwa vizuri kuliko miaka yote. Wakasema, kumbe kazi hii inawezekana bila fedha.

Yaani bati zangu ndizo zilizoua kifungu. Nikasikia kuku wa Sabra wakikwaruza juu ya bati.

Halafu nikamwona Pankrasi anaangalia cherehani yangu. Aliitazama tu, kwa namna ile aliyotazama mbuzi.

"Pankrasi," nikasema, na mimi simwiti jina lake mara nyingi, "hiyo ukiigusa nakuacha."

Wiki ile gari la matangazo likapita mtaani: kikao cha wadau wa misitu, ofisi itapokea maoni ya wananchi kuhusu bajeti, watu wote wanaoishi karibu na mlima wanakaribishwa. Nikavaa gauni la Pasaka. Pankrasi aliniona nafunga kilemba akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kuonana na mume wa mke mwenzangu.

Ukumbi ulijaa. Walikuwapo wafuga nyuki, wenyeviti wa mitaa, akina mama wa bustani wa Matogoro, na Pankrasi amekaa nyuma na walinzi wenzake. Mbele alisimama afisa mipango, kijana anaitwa Leo, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaeleza kila kitu vizuri. Alipofika kwenye njia ya moto akasema maneno yale yale: fedha zilirudi, kazi ilifanyika, kwa hiyo mwaka huu wameelekeza fedha hizo kwenye mahitaji mengine yenye dharura. Akauliza kama kuna swali. Nikasimama.

"Shikamoo mama," akasema Leo.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Notburga. Nimekuja kudai matunzo."

Akababaika kidogo. "Matunzo ya mtoto, mama? Hayo yako ustawi wa jamii, ofisi ile ya—"

"Ya mke mwenzangu."

Nikaona vichwa vinageuka nyuma kumtafuta Pankrasi, na Pankrasi anatafuta pa kuingia.

"Mke mwenzangu ni Matogoro," nikasema. "Yule pale dirishani, mnamwona. Nilidhani ni mke wa mume wangu, nikamwonea wivu miaka yote hii. Kumbe si wa kwake. Ni mke wa serikali! Serikali imemwoa, imemwekea mipaka na vibao, imesema mtu mwingine asimguse. Sawa, mke ni wake. Mwenye mke hulisha mke. Sasa kwa nini wake anakula kwangu? Amekula mbuzi wangu. Amekula mahindi. Amekula bati za nyumba yangu, zile zilizolipa kazi mnayosema ilifanyika bila fedha, na leo zimeezeka kuku wa jirani. Na sasa mnamfutia hata ile posho ndogo kwa sababu mmemkuta ameshiba. Ameshibia wapi? Mmeuliza?"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, mzee mmoja akasema, "Mlipeni mama." Leo hakucheka. Aliweka kalamu mezani.

"Mama, hatukujua," akasema. "Kwenye taarifa imeandikwa kazi imekamilika. Basi. Hakuna mahali pameandikwa nani alilipa." Akanyanyua macho akatazama nyuma. "Mzee Pankrasi, ni kweli?"

Pankrasi akasimama. Yule bwana hasemi mbele za watu, hata harusini kwake alisemewa na kaka yake. Akashika kofia kwa mikono miwili.

"Ni kweli," akasema. "Bati ni za mke wangu. Sikuandika kwa sababu niliona aibu kuandika." Akaizungusha ile kofia. "Ila mwaka huu sitafanya tena. Nitalinda kwa nguvu za mshahara wangu, lakini vibarua sitalipa. Fedha zisiposhuka, siku za kazi ya njia ya moto mimi nitakaa nyumbani kwa mke wangu."

Mnaelewa? Alisema mbele ya watu wote. Maneno niliyoyasubiri tangu siku ile ya kuuruka mto. Akina mama walinigeukia wakanipa mikono. Nilitoka pale natembea kama bibi harusi, na mlima uko palepale, kijani, haujui kwamba umeachwa.

Leo alikuwa mtu wa neno lake. Kifungu kilirudishwa, kidogo, lakini kikarudishwa, na pembeni yake akaandika kwamba kazi ya mwaka ule ililipwa na familia ya mlinzi. Mimi nikauza nguruwe wengine, nikanunua bati, na safari hii sikuzilaza chini ya kitanda. Nilikopa mbao, nikamwita fundi Isidori wiki ile ile, akapiga misumari mpaka giza. Bati zikishapigwa misumari haziuziki. Nilishajifunza.

Mei ikaja. Mnadhani fedha zilishuka?

Pankrasi akafanya kama alivyosema. Alikaa nyumbani. Alitengeneza mguu wa meza, akaziba ua, akanichotea maji bila kuombwa. Kigoda chake, ambacho siku zote kilitazama mlima, alikigeuza kikautazama mlango wangu. Alikuwa anakaa hapo ameupa mlima mgongo, ananiangalia nakoka moto, ananiuliza kama nataka kuni zaidi. Nyasi kule juu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. Mgongo wake ulijua, nao haukugeuka.

Siku za kwanza nilinenepa kwa furaha. Nikamwita Sabra aje kuazima chumvi ili aone mwanamume amekaa nyumbani.

"Wewe una bahati, mama Thadei," Sabra akaniambia. "Wangu tembo wamemchukua tangu Pasaka. Bati ninazo, mume sina."

"Tubadilishane," nikamwambia, na tukacheka, ila mimi sikucheka sana.

Maana kuna kitu kilikuwa kimeanza kunila. Nilikuwa najikuta nautazama ule mgongo. Nikawaza: huyu amempenda mlima wake tangu akiwa mtoto, kabla hajanijua mimi. Kamlea kwa jasho, kamlilia kama mtu. Na leo, kwa sababu fedha hazikushuka, ameweza kugeuza kigoda na kukaa, anachonga mguu wa meza. Mwanamume anayeweza kumwacha yule, mimi ataniacha lini? Kesho nikiugua, nikalala, nikawa mzigo, kifungu changu kikakosa fedha, je, atageuza kigoda?

Nilipika ugali ukaungua. Nilimwangalia akiula bila kusema umeungua, na hasira ikanipanda kuliko siku zote za ndoa yetu.

Asubuhi nikamkamata nguruwe wa mwisho. Nikapita kwa akina mama wa jumuiya, nikapita kwa wale wa bustani, nikapita kwa wafuga nyuki. Nikawaambia kama zamani, kazi ya kualikana: njooni na makwanja na majembe yenu, mtafyeka, jioni mtakula nguruwe na kunywa togwa, anayetaka kali zaidi aje nayo mwenyewe. Nikampigia simu Leo, nikamwambia na yeye aje, avue hilo shati la pasi, na aandike vizuri kwamba nguruwe ni wa Notburga na serikali inadaiwa. Akasema, "Ndiyo mama, nakuja."

Halafu nikarudi nyumbani. Pankrasi alikuwa kwenye kigoda. Nikachukua kwanja lake nyuma ya mlango, nikalitupa miguuni pake.

"Nenda kwa mwenzio," nikamwambia.

Alilitazama kwanja, akanitazama mimi. "Nilisema nitakaa na wewe."

"Umekaa. Nimekuona. Sasa nenda kabla sijabadili mawazo."

Alisimama polepole. Halafu yule mzee, mume wangu, akafanya kitu ambacho hakufanya hata siku ya harusi: alinishika mkono nje, mchana, watu wanaona. Kiganja chake kigumu kama gome. Nikamwachia kidogo, halafu nikauvuta mkono wangu, nikaingia ndani. Nikavua kanga nikavaa suruali yake ya zamani ndani ya sketi, nikafunga kilemba, nikatoka na kwanja la pili begani.

Sabra alikuwa uani kwake, chini ya bati zangu, anawatupia kuku mahindi. Akaacha mkono hewani.

"Yarabi! Mama Thadei, na wewe tena? Si ndiye adui yako yule?"

"Ndiye," nikamwambia. "Naenda kuwachunga hao wawili."